Kona za Fundi Rangi

Mwenzangu, nimeumbuka! Alfajiri kifuniko cha kopo la rangi kililia "kop!", nikajua nyumba nzima imesikia.

Si unamkumbuka yule mzee fundi rangi, aliyeletwa na mwanangu apake jikoni? Mikono inamtetemeka, kona zake zinakwenda upogo. Mwanangu kaapa akiona kosa lingine atamfukuza. Basi siku tatu nimekuwa nikiamka gizani kuzinyoosha mwenyewe.

Na nisikufiche, nilikuwa nafurahia! Brashi ikiteleza, nasahau hata maumivu ya magoti.

Leo mzee kawahi kuja. Kanikuta juu ya stuli. Juu ya stuli, mwenzangu, na brashi yake mkononi!

Kasema polepole, "Kumbe ni wewe, mama. Nilidhani mikono yangu imepona."

Nilidhani mikono yangu imepona! Nikatamani ardhi inimeze. Huruma yangu imemvua nguo mtu mzima.

Nikamwomba radhi. Akaishika stuli nisianguke. "Maliza hiyo kona, mama. Mimi napaka katikati."

Tumepaka pamoja mpaka jua likachomoza. Wakati wa kuaga akasema, "Kwangu kuna ukuta umenishinda mwaka mzima. Jumapili njoo na brashi. Na ukuta ukiisha, mama, uje tena."