Chumvi Kwenye Kaburi la Kaka Yako

Shemeji,

Salamu zako zimefika. Sisi tunapumua. Yule mbuzi mweupe amezaa pacha. Chai siku hizi tunakunywa bila sukari, maana haisaidii kitu.

Unauliza kama miti iliyobaki karibu na kaburi inaweza kukatwa. Unakumbuka kaka yako alivyokusihi uiache ile mingine uliyoikata? Alisema mizizi yake ndiyo inayokunywa maji ya chini, na ikikosekana yatapanda na chumvi yake. Ukamcheka mbele ya watu: "Kaka, umeoa miti nini?" Naye akacheka, kwa kuwa alikupenda.

Basi, yamepanda. Shamba lako ni jeupe kama limemwagiwa unga, na maji ya kisima hayanyweki. Juzi nimewakuta mbuzi wakilamba kaburi lake, upande ule ulikokata miti. Jirani akanitania, "Mama, umelia mpaka udongo umekolea!" Nikamjibu kwamba hayo si machozi yangu, ni kazi ya shemeji yangu.

Miti hii haikatwi nikiwa hai. Ukitaka kuja kumzuru kaka yako, karibu. Ila njoo na maji yako ya kunywa.

Mimi, mke wa kaka yako