Masaa Ishirini na Manne

Jumatatu, 3 Machi

Jana jioni nchi ya juu ya mto imefungua bwawa. Maji yameshuka kwetu kwa kishindo, yamezoa vitunguu vya kaka na kipande cha ukingo. Pampu yake ya kumwagilia imepona kwa bahati tu! Habari imemfikia kaka maji yakiwa magotini. Na mkataba wa mto upo, nchi zote mbili zimetia saini. Mimi mwenyewe niliuhariri. Nimewaka!

Jumatano, 5 Machi

Meneja wa bwawa amejibu. Eti kafuata Kifungu cha Tisa neno kwa neno: "Taarifa itolewe saa kumi na mbili kabla ya kufungua milango." Katoa taarifa saa kumi na mbili jioni. Saa moja kafungua.

Sisi tulimaanisha nusu siku nzima. Yeye kasoma saa ya ukutani.

Nimetoa rasimu ya kwanza kabatini. Mchapaji aliandika "masaa kumi na mawili". Kalamu nyekundu — yangu! — imekata, na pembeni: "Masaa si Kiswahili sanifu!!" Alama mbili za mshangao. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia bosi. Anataka ninyamaze, tuseme meneja hajui kusoma. Nimekataa. Tukimlaumu yeye kifungu kitabaki vilevile, na mvua kubwa ni mwisho wa mwezi.

Kaka nimemweleza kwa simu. Kacheka mpaka kakohoa. Miaka yote namkosoa "masaa" mezani mbele ya watoto! Kisha kasema taratibu kwamba pampu ikienda, yeye basi, hana kilimo tena.

Jumanne, 18 Machi

Kikao cha nchi mbili. Wakili wao — tunamwita Bwana Koma, anaweza kugombania koma moja mpaka chakula kipoe — kaja na faili nene, tayari kwa vita. Nikasimama kabla hajalifungua. Nikasema kosa ni langu, nikaonyesha kalamu nyekundu.

Kasukuma faili pembeni, kakiri: naye alikipitia kifungu kile mara tatu, akaridhika, maana koma zilikaa vizuri! Meza nzima ikaangua kicheko, hata meneja.

Tumeandika upya: "kwa muda usiopungua masaa ishirini na manne, tarehe na siku zitajwe." Masaa! Ndani ya mkataba! Kwa mwandiko wangu! Saini zote mbili kabla ya saa nane mchana. Nimetoka pale natembea kama barabara ni ya baba yangu.

Ijumaa, 28 Machi

Saa tatu na nusu asubuhi — taarifa ya kwanza! Milango kufunguliwa kesho Jumamosi, saa nne asubuhi. Siku ipo, tarehe ipo. Nimempigia kaka hata sijaketi.

Saa tisa mchana. Mkokoteni umezama kwenye tope, pampu iko juu yake. Majirani wamekuja. Simu iko sikioni ninavyoandika. Namsikia wifi akihesabu, moja, mbili — wanasukuma. Bado. Kaka anahema. Anauliza masaa mangapi yamebaki.

"Masaa kumi na tisa, kaka!"

Anasema rudia, wifi yako hajasikia. Nimerudia kwa nguvu, ofisi nzima imegeuka. Wifi ameanza tena: moja —