Vyombo Vilivyotolewa Nje

Jumamosi, 3 Julai 1993

Matanga ya pili wiki hii. Leo Mtoni. Marehemu simjui. Anaitwa Mzee Rajabu, alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Haya nimeyasikia kwa wanawake wakati tunamenya vitunguu.

Niliingia kama kawaida. Khanga moja kiunoni, moja kichwani, macho chini. Mwanamke mwenye khanga mbili haulizwi anakotoka. Anapewa kisu na beseni.

Vyombo vya sebuleni walikuwa wamevitoa uani ili majamvi yatandikwe. Makochi, meza, kabati la vikombe. Nyuma ya makochi nikaiona. Redio gramu. Kabati zima la mbao lenye miguu, redio upande mmoja, upande wa pili mahali pa kupigia santuri, juu kifuniko kimoja kirefu. Kitambaa cha spika hakijachanika hata kidogo. Sijawahi kuona iliyo nzima namna ile.

Juu ya kifuniko mtu alikuwa ameweka sufuria la chai. Linatoka jikoni moja kwa moja. Nililiinua kwa upindo wa khanga. Duara jeupe limeshajichora kwenye mbao.

Machozi yakanitoka. Siku nyingine mimi huyalazimisha. Leo yalikuja yenyewe.

Mama mmoja akanishika bega. "Lia, mwanangu. Usiyazuie." Nikazidi kulia, kwa aibu.

Nyumbani Asha, binamu yangu tunayelala naye chumba kimoja, aliziona khanga akaangua kicheko. "Leo tena? Mie ndugu zetu wote nawajua, Zuhura. Huyu wa leo katokea wapi?"

Jumapili, 4 Julai

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Nakwenda kwenye misiba ya watu kutafuta redio za zamani.

Maduka ya vitu vilivyotumika nimeyazunguka yote, Temeke mpaka Kinondoni. Yana pasi na feni mbovu. Redio nzuri hazifiki huko. Zinakaa sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma mpaka mwenyewe afe. Na mgeni haoni sebule ya mtu, ila siku sebule inapotolewa nje.

Ofisini Kurasini kila wiki tunashughulikia kontena jingine la redio kaseti kutoka Dubai. Plastiki tupu, na vitaa vinavyocheza. Vijana wanazililia. Kwa hiyo arobaini ikishapita narudi kwa adabu, nauliza kama ile ya marehemu bado wanaihitaji. Wananitazama kama mwendawazimu, wananipa kwa bei ya kuni. Ninazo tano. Siuzi. Ningekuwa nauza, labda dhambi ingekuwa na sababu. Nazifungua, nazisafisha, nazisikiliza. Basi.

Jumatatu, 5 Julai

Hitma ya siku ya tatu. Sikuwa na haja ya kwenda. Nilikwenda kuitazama tena.

Nikaitwa chumba cha ndani. Mjane, Bi Tatu, ameshaingia eda. Kamwili kadogo ndani ya nguo nyeupe. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe uliyesimama unailia redio ya mzee?"

Nikaitika kwamba ndimi.

"Mama yako yu hai?"

Nikasema alishafariki. Ni kweli.

"Basi. Sitakuuliza ya mama yako. Ya marehemu tumeyafunika. Umefanya vizuri kuja." Akanishika mkono, hakuuachia mpaka chai ilipoletwa.

Nilipotoka, mwanawe Hemedi alikuwa mlangoni. Hakujibu salamu yangu. Nyuma yangu mwanamke akamnong'oneza mwenziwe, "Hebu tazama ile pua."

Nilielewa nikiwa nimeshafika barabarani. Wanadhani mimi ni mtoto wa nje wa Mzee Rajabu.

Alhamisi, 8 Julai

Nimeharibu hati mbili leo. Bosi kagomba.

Sikusema uongo. Nimelirudia neno hilo kutwa nzima. Sikusema uongo. Sikusema kitu.

Jumamosi nitakwenda kumwambia.

Jumamosi, 10 Julai

Nilikwenda. Sikumwambia.

Yeye ndiye aliyesema. Mzee akiwa kitandani hospitali alimwambia kuna binti, amezaa nje miaka mingi iliyopita, atazamwe. Ulimi ukawa mzito kabla hajataja jina wala mahali. Siku mbili baadaye akafa. Bi Tatu alikaa matangani akiangalia kila msichana anayeingia. Kisha wakaja kumwambia kuna mmoja kasimama uani analia, kaegemea redio.

"Nilikasirika," akasema. "Usidhani sikukasirika. Nimekaa na mtu maisha yangu yote, ananiambia neno kama hilo siku ya kufa. Lakini wewe kosa lako nini?"

Mdomo wangu ulikuwa na mkate wa kumimina. Ningeweza kuumeza nikasema. Niliumeza nikaomba maji.

Hemedi alinifuata mpaka kwenye kona. "Sista, we unataka nini hasa?"

Nikamuaga, nikavuka barabara.

Jumamosi, 31 Julai

Sasa nakwenda kila Jumamosi. Mwenye eda hatoki, kwa hiyo namletea dunia. Bei ya nazi. Nani kaoa. Nani kafungua duka la video. Anacheka kwa kuziba mdomo, eti mfiwa akisikika anacheka watasema alimchoka mumewe.

Mama yangu alikufa nikiwa darasa la tatu. Tangu hapo walioniita mwanangu ni watu wa sokoni.

Sijui tena kama nafuata redio au nafuata kuitwa mwanangu. Yote mawili ni ya mtu mwingine.

Jumamosi, 14 Agosti

Arobaini. Baada ya kisomo wazee walikaa kuzungumza mirathi. Shehe akasema wazi kwamba mtoto wa nje hana fungu. Wanawake ndani wakanitazama. Nilifurahi. Nikadhani nimepona, naenda zangu mikono mitupu.

Bi Tatu akamwita Hemedi, akaongea naye kupitia pazia, kwa sauti ya kusikika. "Redio haimo kwenye mirathi. Ni yangu mimi. Baba yako alininunulia nilipokuzaa wewe, mashahidi wapo. Basi nampa dada yako. Hukulelewa naye, lakini na yeye awe na kitu cha baba yake."

Nikasema hapana. Nikasema mara ya pili. Walidhani ni adabu.

Hemedi alitafuta mkokoteni akausukuma mwenyewe, kutoka Mtoni mpaka kwetu. Jasho jingi. Tulipofika akajifuta kwa kanzu. "Mie nilidhani umefuata nyumba, dada. Nisamehe."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada.

Jumapili, 15 Agosti

Niliiwasha. Taa za ndani zikachukua muda kupata moto, ikanuka vumbi la zamani, kitaa cha kijani mfano wa jicho kikafunguka. Kioo kina majina ya miji: Nairobi, Colombo, London. Niliweka santuri moja. Sauti ilijaa chumba chote bila kupiga kelele. Nzuri kuliko zote tano.

Nikaizima kabla wimbo haujaisha.

Jumanne, 24 Agosti

Nimejaribu kuliondoa lile duara jeupe. Mafuta ya nazi, majivu, kitambaa cha pamba. Halitoki.

Asha: "Zile mbovu zinanguruma kutwa, hii nzima huipigi. Imekuja na jini?"

Jumamosi, 11 Septemba

Hemedi kaja na mtoto wake wa kike. Kamsukuma mbele. "Mwamkie shangazi." Mtoto akaniamkia akanikumbatia goti. Mikono yake ina ubuyu. Imeniachia alama kwenye sketi, na sijaifua.

Ni lazima niseme. Kila wiki nikisubiri kuna mtu mmoja zaidi wa kumwambia.

Jumamosi, 2 Oktoba



Leo Bi Tatu alikuwa amelala, nikamngojea barazani na Hemedi. Yuko katika hali nzuri, anatafuna miwa, ananipigia hadithi. "Dada, hii Dar imeharibika. Juzi kaja mwanamke hapa kutoka Chamazi na binti yake. Eti naye mtoto wa mzee! Eti wamechelewa kusikia msiba. Analia kabisa, machozi haya. Nikamwambia, mama, hiyo biashara umechelewa, mtoto wa mzee tunaye, tena msomi. Nikawatoa."

Akacheka. Akasubiri nami nicheke.

Nikamuuliza huyo binti yukoje. "Kawaida tu. Kimya. Alikuwa anatazama ndani, nadhani kuona kuna nini cha kuchukua."

Nikamuuliza kama mama anajua. "Mama yuko eda, nimsumbulie matapeli?"

Nikaondoka kabla hajaamka.

Jumapili, 3 Oktoba

Nimekwenda Chamazi. Mikorosho, mihogo, nyumba moja huku na nyingine kule. Kila niliyemuuliza aliniuliza jina. Sina jina. Sina sura. Ninajua tu kwamba yuko kimya na alitazama ndani.

Kisimani wanawake walinikalisha wakanipa maji. Mmoja akaniambia, "Bibie, unamtafuta mtu usiyemjua kwa kitu gani?" Wengine wakacheka, bila ubaya.

Njiani kurudi nikajiona. Nilitaka kumleta yule binti mkononi ili nikikiri nisikiri mikono mitupu. Hata kukiri nataka nilipwe.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimesema.

Nilikaa chini kwenye mkeka, sikukubali kiti. Nikasema mimi si mtoto wa Mzee Rajabu, sikumjua, niliingia matangani kwa sababu naingia matanga ya kila mtu. Nikasema kwa nini. Nikasema habari ya Chamazi, neno kwa neno kama Hemedi alivyonieleza.

Nilisikia mtu uani anatwanga.

Kisha Bi Tatu akaniuliza, "Siku ile ulikuwa unalia nini?"

"Waliweka sufuria la moto juu ya kifuniko. Lilichoma mbao."

Akacheka. Hakuziba mdomo. Alicheka mpaka akakohoa, akashika ukuta, na nilipomsogezea maji nikaona kwamba si kicheko tena.

"Kumbe wangu alikuja," akasema. "Alikuja, akafukuzwa mlangoni mwa baba yake. Na mie nimelala humu."

Nikaomba radhi. Alinyoosha nguo yake magotini, akatazama upande wa dirisha.

"Nirudishie redio yangu. Na Jumamosi usije."

Jumapili, 10 Oktoba

Imerudi. Nilikodi mkokoteni, nikatembea ubavuni. Hemedi aliipokea. Ameshaambiwa. Nilitegemea matusi, nilikuwa nayataka. Hakunitukana. Alishika upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukaiingiza sebuleni mahali pake. Kwenye sakafu kulikuwa bado na alama za miguu yake.

Alipofika mlangoni alisema, "Mwanangu anamuulizia shangazi yake. Nimwambie nini?"

Nikamwambia sijui. Akafunga.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimepita Tandika. Maturubai, majamvi, makochi nje. Mguu wangu mmoja ukageuka wenyewe. Nikaurudisha.

Asha kaona khanga zangu mbili zimekunjwa juu ya kabati. Akauliza wamekwisha kufa wote? Nikamwambia nimeacha. Akazishusha, akazitia kabatini.

Jumapili, 21 Novemba

Leo nilitumwa Mtoni na shangazi, mama yake Asha, kupeleka nguo kwa fundi cherehani. Kuna njia mbili. Nilichukua ile inayopita kwa Bi Tatu.

Mama anayeuza vitumbua kwenye kona ananijua, na habari zangu anazijua, lakini alinifungia vitumbua vyangu kwenye gazeti kama zamani. Akaniambia bila kuulizwa. Bi Tatu alipotoka eda, kabla hata ya kwenda kuwaamkia majirani, alimwambia Hemedi ampeleke Chamazi. Walikwenda mara tatu. Hemedi ndiye anayemjua yule mwanamke kwa sura, kwa hiyo alitangulia yeye, nyumba kwa nyumba.

Mlango ulikuwa wazi. Redio iko barazani, wameitoa kupata hewa au kufagia, sijui. Mbele yake msichana, mdogo kwangu kidogo, kajifunga khanga kifuani. Ana kitambaa. Anasugua kifuniko, mahali pamoja, kwa kuzungukazunguka. Anasimama, anakunja kitambaa upande msafi, anasugua tena.

Nilitaka kumwambia halitoki.

Kutoka ndani sauti ya Bi Tatu ikaita. "Mwanangu!"

"Abee," msichana akaitika, akaacha kitambaa juu ya kifuniko, akaingia.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Niliufunga, nikashika vizuri mfuko wa nguo, nikaenda kwa fundi.