Hendeli za Lumeria

Tsubame, 3 Agosti 1996

Mpwa wangu Shunpei,

Pokea salamu za jasho, maana mwaka huu hapa kwetu joto linachemsha chai bila moto. Hujambo huko Nagoya? Na Chizuru mchumba wako, hajambo? Mama yako analalamika kwamba umekonda. Kula, mwanangu, bwana harusi akikonda watu watasema kaburutwa. Sisi wazima. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini kiwandani hajazaliwa wa kung'arisha vijiko kunishinda: juzi bosi alijitazama kwenye kijiko changu akanyolea ndevu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Uliponiomba niwapokee wakwe zako stesheni siku ya harusi kwa gari langu la Lumeria, nilicheka kwa raha. Lakini ukaendelea kuandika kwamba baba yake Chizuru, Mzee Nishigori, alikuwa fundi kwenye kiwanda kilichoiunda Lumeria, na kazi yake ilikuwa kufunga vitufe vya madirisha ya umeme kwenye milango ya nyuma ya Lumeria Royale. Eti anaomba akae nyuma akibonyeze kitufe chake, hata mara moja tu. Hapo nikaacha kucheka.

Lumeria ilitengenezwa kwa miaka miwili na miezi minane tu, kisha ikafutwa. Ya chini ni L, ya kati GL, na juu kabisa Royale, yenye viti vya mahameli na vioo vinavyoshuka vyenyewe. Umenisikia tangu ukiwa shule nikisimulia jinsi askari alivyonisimamisha barabarani ajaribu kiti cha Royale yangu, akasinzia mpaka zamu ikaisha. Na yule mkurugenzi aliyeliinamia buti la gari langu kwa heshima.

Sasa nisikilize vizuri. Gari langu ni L.

Nembo ya Royale niliibandua kwenye gari lililogongwa, gerejini kwa wauza vyuma chakavu, nikaigundisha kwangu. Wanaume wengi hapa wamefanya hivyo na hakuna anayemuuliza mwenzake. Tatizo lilikuwa hendeli za kuzungushia vioo, maana Royale haina. Nikazing'oa zote nne, nikazifungia kwenye kile kisanduku cha mbele ya abiria, na matundu nikayaziba kwa vifuniko nilivyovichora vitufe. Tangu hapo, miaka mitano, vioo vya gari lile havikuwahi kushuka. Kiyoyozi kilikuwa kinanisitiri.

Mwaka jana siku za Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu wetu, tulikwenda kuosha makaburi, na kiyoyozi kikafa tukiwa katikati ya foleni. Nyuma alikaa jirani yetu Hirakoba, yule mwenye GL. Akaniambia, "Bwana Kuramochi, kibonyeze basi hicho kitufe chako cha kifalme, au umeme wa Royale nao umekwenda makaburini?" Nikamjibu kwamba sisi wenye Royale hatuingizi vumbi la watu. Mkaza mjomba wako Tomie alikuwa kando yangu anajipepea kwa leso. Yeye alikuwa anajua kila kitu, lakini hakunitia aibu. Mara kichwa chake kikaangukia kioo.

Hili sijamwambia mtu. Kisanduku chenye hendeli kilikuwa mbele ya magoti yake, na mkono wangu unafika. Lakini nilimtazama kwanza Hirakoba kwenye kioo cha juu. Taa ikawa kijani, ikarudi nyekundu. Hirakoba ndiye aliyeshuka, akafungua mlango wa mbele, akambeba Tomie na kumlaza kivulini. Mimi nilikuwa bado nimeshika usukani, natunga uongo wa kumwambia Hirakoba.

Alipona, na hajawahi kunilaumu. Ila tangu siku ile hadi jana hakuligusa gari. Sokoni anakwenda kwa baiskeli, hata mvua inyeshe.

Barua yako alipoisoma, aliniuliza jambo moja tu: kama na baba wa watu nitamfungia humo ndani.

Jana nilizirudisha hendeli tatu na kuibandua nembo. Ya nne, ya mlango wa nyuma kushoto, ni hiyo iliyo kwenye kifurushi hiki. Mpelekee Mzee Nishigori, na umweleze yote, usinipunguzie. Akikasirika, mchukulieni teksi, na mimi nitakuja harusini kwa miguu kama mgeni yeyote. Akikubali kuja, basi aifunge mwenyewe kwa mkono wake. Skrubu ninayo. Kitufe hatakipata, lakini kioo kitashuka, kitapiga kelele kama paka lakini kitashuka.

Msalimie Chizuru na wazazi wake. Tomie anawasalimu nyote. Asubuhi hii alikuja uani, akaingia kiti cha mbele gari likiwa limezimwa, akazungusha hendeli mpaka kioo kikaisha kushuka, akatoa kiwiko nje. Ninapoandika hapa kibarazani, hajashuka bado.

Ni mimi mjomba wako, mwenye Lumeria L,

Kuramochi Gonzo