Kipenzi wa Kliniki Nzima

Shoga, weka chini unachofanya.

Si unamjua Profesa, fundi wetu wa kompyuta hapa kliniki ya meno? Yule anayetusimanga kutwa, "Cha ndani ya funksheni kifungieni humo humo!" Funksheni ndiyo hicho kipande cha programu chenye kazi yake moja.

Leo kasahau YEYE. Alikuwa anajaribu programu ya kuwakumbusha wagonjwa miadi, akamwandikia mchumba wake ujumbe wa majaribio, jina = "Kipenzi". Hakulifungia. Likatoka nje ya funksheni, likafuta majina ya wagonjwa wote, likakaa mahali pake.

WOTE wakatumiwa, shoga! "Kipenzi, usisahau, kesho tunakung'oa jino." Hadi baba wa huyo mchumba, naye mgonjwa wetu!

Jasho linamtoka, eti, "Kompyuta imekosea." Kompyuta!

Wagonjwa wanajibu, "Asante, mpenzi." Baba mkwe kajibu, "Kesho nakuja. Si kwa ajili ya jino."