Maua ya Makaburini

Mikindani

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar, na Mungu akukinge na hizo dawa unazozishika. Unakula? Kile kifua kimepoa? Baba yako mzima, analalamikia magoti tu. Mimi sijambo, ila nina ya kukueleza.

Uliponisimulia kazi yenu kwenye simu nilifurahi mno. Kwamba yale maua ya pinki yanayojiotea makaburini kwetu yana dawa ya saratani, na nyie mnaitia kwenye vichembe ambavyo jicho halivioni, viipeleke kwenye uvimbe bila kuunguza mwili mzima. Ukasema bado mnajaribu. Hilo la mwisho, mwanangu, sikulibeba. Kwenye hitima ya mzee Hashimu nikawaambia wanawake kuwa Rehema wangu kapata dawa, iko kwenye maua ya makaburini.

Mama yako mkubwa Hamisa alikuwapo. Unajua ana saratani ya titi na alishaanza sindano. Akasema sindano zimemmaliza nywele, na dawa ya Rehema ipo hapa bure, ateseke kwa nini? Tukachuma, tukachemsha. Hospitali akaacha kwenda.

Akatapika hadi akalegea, vidole vikafa ganzi. Ndipo nikakupigia, ukanifokea kwamba ile ni sumu, hospitali huisafisha na kuipima kidogo kidogo. Nikamwendea nikamwambia ni kama korosho: kiini unakula, lakini ukiitafuna na ganda lake bichi utababuka mdomo. Kina Rehema ndio wabanguaji. Akacheka, akasema kumbe mdogo wangu umenilisha ganda. Nikamwambia ndiyo dada, nimekulisha.

Kurudi kwenye sindano, hata hivyo, akagoma. Sasa nikwambie lililobaki. Kwetu anayempa mgonjwa dawa huionja kwanza, mgonjwa asiwe na shaka. Funda moja linatosha. Mimi nilikuwa namaliza kikombe. Hamisa alikuwa akinitazama tu. Jana akanishika mkono, akasema Sabra, hakuna mtu anayemaliza dawa chungu kwa adabu, hebu nionyeshe. Nikafungua kanga. Uvimbe upo titi la kushoto, mgumu kama kokwa, tangu kabla ya Ramadhani. Sikukwambia kwa kuwa ungeacha kazi ukaja.

Hamisa alinitukana matusi ya utotoni yote. Alipochoka akasema atarudi kwenye sindano zake, lakini haendi peke yake, nami nikapimwe. Tunaenda Jumatatu. Baba yako nimemwambia leo asubuhi. Kachukua pasi anapiga kanzu ya kutusindikiza Jumatatu, na leo ni Ijumaa tu.

Usilie, wala usije mbio. Fanyeni hivyo vichembe vyenu taratibu, msiharakishe kama mimi. Wasalimie wenzako kazini. Hamisa anakusalimu sana, anasema Jumatatu ukipiga simu uulize kwanza habari zangu, maana yeye kachoka kuulizwa peke yake.

Mimi mama yako,
Sabra