Yenu Robo, Yangu Nne

Kaka Nestori,

Leo nimemtoa Fabiola damu puani. Tunakaa naye dawati moja hapa shule ya kambini, na kosa lake ni kuniambia mbele ya darasa zima kwamba nimegeuza sehemu, ya juu nimeiweka chini. Swali lilikuwa mteremko wa mstari. Nilimpiga kwa rula kwenye vidole, kama ulivyokuwa ukinipiga wewe, na rula ilipovunjika nikamalizia kwa ngumi.

Mwalimu hakunichapa. Alinitoa nje, akaegemeza miti miwili kwenye ukuta mfupi wa udongo, ncha zote zikafika juu pale pale. Mmoja mfupi, shina lake karibu na ukuta. Wa pili mrefu, shina lake mbali kabisa. "Pima umepanda kiasi gani, ndipo ugawe kwa ulivyosogea." Mti uliosimama ukatoa nne. Uliolala ukatoa robo.

Niliketi chini, kaka. Hizo namba nilizijua.

Unaikumbuka njia panda ile, asubuhi tuliyokimbia? Mlima hatuujui, ukungu umefunika kila kitu, Mama mguu umechanwa kwa panga, na wale watu wa mapanga wanaitana chini yetu. Ulitangulia kuzitazama njia zote mbili, ukarudi unahema, ukaninong'oneza: "Yenu ni robo. Yangu nne. Mama asijue." Mama hakusoma, na ulijua angekuzuia. Mimi nilikuwa nimesoma, kwa kichwa changu kibovu. Kwangu mimi robo ilikuwa ukuta na nne ilikuwa tambarare. Nikakuuma mkono mpaka nikaonja damu. Nikakuambia, "Nenda, mwoga, na njia yako laini." Siku zote nikikosea ulinipiga. Siku ile hukunipiga.

Tulipoingia kwenye migomba tukasikia mawe yakiporomoka upande wako, na wewe ukiwatukana wale watu, mama zao na bibi zao, kwa sauti ya kuamsha wafu. Wakakufuata wote. Halafu mapanga. Nilihesabu mpaka uliponyamaza. Sikulia. Nilisema moyoni, umekoma.

Mtumbwi ulitushusha Mwamgongo, ng'ambo ya mpaka. Wavuvi wakatupa ugali na dagaa, na pale pale, mdomo umejaa, nikamwambia Mama kwamba ulituachia njia ngumu ukachukua rahisi. Mama aliyepanda kwa mguu ule angebishaje? Tangu siku hiyo hatamki jina lako. Mjomba alipotaka tukuwekee matanga, alitema mate akasema, "Yewe! Aliyenikimbia hana matanga kwangu." Mwaka wa pili huu. Wale walikuua mara moja, kaka. Mimi nimekuua kila siku, tena kwa mdomo tu.

Mawe hayaporomoki kwenye njia ya tambarare. Hata mbuzi analijua hilo. Mimi mpaka niletewe miti miwili na pua ya Fabiola.

Na wewe nimekukasirikia, nisikufiche. Kwa nini hukuniambia kwa maneno ya watu? Ulijua nageuza! Ulinipiga mwaka mzima kwa kosa hilo hilo: "Kupanda kunakaa juu, kusogea chini, kichwa cha ng'ombe wewe!" Halafu siku ya kutoa roho yako ukaniamini.

Kesho Mama akitoka kuteka maji nitamketisha nyuma ya nyumba, niegemeze miti miwili ukutani, niushike mkono wake nipitishe kwenye ule uliosimama. Nitamwambia huu ndio uliopanda wewe, penye mawe, wakusikie wakufuate wewe. Nitamwambia na nani alikusingizia. Atanipiga. Sitakinga. Akichoka kunipiga nitamwomba matanga yako, na nitalitamka jina lako mpaka majirani wanyamaze.

Sitageuza tena, kaka. Naapa.

Kwaheri. Vidole nimevinyoosha hapa juu ya karatasi. Piga.

Mdogo wako,
Odeta